Mbio za Feri na Kano za Kisigino

Leo tuzungumze miguu. Simaanishi mpira, wala riadha ya Eldoret, ingawa Eldoret tutaipitia kidogo. Nazungumzia miguu ya watu wa Feri.

Anayevuka kivuko cha Likoni, Mombasa, jioni anaijua hali yenyewe. Watu wamejaa kwenye banda la kungojea, wengine wameegemea vyuma, wengine wanatafuna karanga, na macho ya kila mtu yako majini kuangalia feri imefika wapi. Ikishagusa gati na waliotoka ng'ambo wakapungua, geti linafunguliwa, na umati wote unashuka mteremko. Karani mwenye viatu vya kung'aa anakimbia. Fundi mwenye kikapu cha vyombo vya kazi anakimbia. Mabinti, mabuibui wameyashika mkononi yasikanyagwe, wanakimbia. Mama mwenye beseni kichwani hakimbii, lakini hatua zake zimekuwa za haraka na beseni limetulia tuli. Na kijana wa mkokoteni anapiga kelele za kuomba njia, amejilaza nyuma, visigino vimekaza kwenye saruji, anauzuia mzigo usimshinde mteremkoni. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 300,000 kwa siku. Abiria wa miguu hawatozwi nauli, kwa hivyo naona ni haki kusema kwamba wanalipia kivuko kwa magoti na visigino.

Ukiuliza ni kitu gani kinachombeba mtu mteremkoni na kumpandisha tena upande wa pili, utajibiwa kwamba ni nguvu, na nguvu ni msuli. Mimi nasema tunausifu msuli kwa kazi ambayo sehemu kubwa inafanywa na kano. Msuli unaonekana, unatuna, vijana wananyanyua vyuma ili uzidi kutuna. Kano haitazamwi na mtu mpaka siku inapokatika.

Kano ni ule uzi mweupe mgumu unaokishinda kisu unapokata mguu wa mbuzi. Unaunganisha msuli na mfupa. Umeundwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimelala sambamba, maelfu kwa maelfu, zote zinaelekea upande mmoja. Kubwa kuliko zote mwilini mwetu ni ile ya nyuma ya kifundo cha mguu, inayoshuka kutoka kwenye tafu, yaani shavu la mguu, mpaka kwenye mfupa wa kisigino. Ishike sasa hivi, wewe uliyekaa. Kunja mguu, itakaza, legeza, italegea.

Kwa watu wengi kano hiyo, mahali ilipo nyembamba, haifiki sentimita moja ya mraba ukiikata na kuitazama kwa juu. Mtaalamu mmoja wa Finland, Paavo Komi, aliwafanyia watu wa kujitolea operesheni ndogo na kuwawekea kipimo chembamba cha chuma kwenye kano hiyo, halafu akawaambia wakimbie. Kipimo kilisoma mpaka niutoni 9,000, ambazo ni kama kuning'iniza kilo 900. Na hao walikuwa wakikimbia wakiwa hawana mzigo wowote.

Kwa nini nguvu iwe kubwa hivyo? Kwa sababu ya mahali kano iliposhikilia. Unapokanyaga kwa mbele ya wayo, uzito wako uko kwenye vidole, mbali na kifundo. Kano iko nyuma ya kifundo, karibu sana nacho. Aliye karibu na egemeo lazima avute zaidi kuliko aliye mbali. Ndiyo hesabu ya mizani ya zamani, na mwili hauna njia ya kuikwepa.

Lakini kubeba uzito ni nusu tu ya sifa zake. Nusu ya pili ndiyo inayonipendeza mimi. Mtoto mwenye manati anavuta mpira polepole kwa mkono wake mdogo, kisha anaachia, na jiwe linaruka kwa kasi ambayo mkono ule ule usingeweza kuitoa. Kano yako inafanya hivyo kila hatua. Unapotua, inavutika na kuweka nishati. Unapoinua kisigino, inarudi na kukusukuma mbele. Katika vipimo vya maabara, kano hurudisha zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 ya nishati iliyowekwa ndani yake, na kidogo kinachobaki hugeuka joto. Wajapani walipopiga picha tafu la mtu anayetembea, kwa mashine ile ile inayotumiwa kutazama mimba, waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sehemu kubwa ya hatua, nyuzi za msuli zilikuwa zimekaza tu, urefu wake haubadiliki sana. Iliyokuwa ikirefuka na kufupika ni kano.

Mwaka 1987 Robert McNeill Alexander na wenzake huko Uingereza walipiga hesabu ya mbio za mtu wa kilo 70. Kila mguu unapotua, kiasi cha jouli 100 za nishati hupotea na kutakiwa tena. Kano ya kisigino inahifadhi na kurudisha jouli 35 hivi. Upinde wa wayo, ile sehemu ya ndani isiyogusa sakafu ukikanyaga na mguu uliolowa, unarudisha 17 nyingine. Jumla zaidi ya nusu. Kwa hivyo yule karani anayekimbilia feri, nusu ya mbio zake hazikutoka kwenye chai na mahamri ya asubuhi. Ni nishati ya hatua iliyotangulia.

Ukitaka kumwona mnyama aliyefikisha jambo hili mwisho wake, mtafute komba. Wagema wa Likoni, Mtongwe na Kwale wanamfahamu vizuri kwa sababu anapanda mnazi usiku na kuonja tembo kwenye kibuyu kabla ya mwenyewe. Komba ni katika jamii yetu, jamii ya wanyama wenye mikono ya kushika na macho yanayotazama mbele, ingawa ni binamu wa mbali sana. Jamaa yake mdogo wa bara, anayeenea katika nyika za Afrika na ambaye uzito wake haufiki hata robo tatu ya paundi, alipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka 1965: aliruka juu mita 2.25 kutoka amesimama. Mlango wa nyumba ya kawaida haufiki hapo.

Wataalamu walipokaa na hesabu, waliona kwamba msuli hauwezi. Hakuna msuli wa mnyama mwenye uti wa mgongo unaoweza kutoa nguvu kiasi kile kwa muda mfupi kiasi kile. Mbelgiji Peter Aerts alilichambua suala hilo mwaka 1998, na jibu lake ni kwamba komba anachuchumaa, misuli mikubwa ya paja inaanza kuvuta mapema wakati goti bado limekunjwa, kano zake zinajaa, kisha zinaachia zote kwa pamoja. Ongeza na mifupa ya kifundo ambayo kwake imerefuka kupita kiasi, na unaelewa kwa nini mtu akimfukuza komba usiku anamwona yuko hapa, na akipepesa jicho yuko mti mwingine.

Sasa njoo kwa sokwe. Kenya hatuna sokwe wa mwituni. Waliopo ni wa hifadhi ya Sweetwaters huko Ol Pejeta, Laikipia, iliyoanza mwaka 1993 kwa sokwe waliookolewa. Wa mwituni utawakuta Gombe na Mahale kule Tanzania, au Kibale, Uganda. Yeye ndiye ndugu yetu wa karibu kabisa, na mtazame mguu wake: nyama ya tafu inashuka karibu mpaka kisiginoni. Kano yake hapo ni fupi mno, wakati yako na yangu ina urefu wa sentimita 15 hivi. Wayo wake hauna upinde, na kidole gumba kinakwenda pembeni ili kishike tawi. Kwa kupanda mti, mwili huo ni bora. Msuli mrefu unaweza kukunja na kukunjua kifundo kwa upana mkubwa. Ila akishuka chini atembee, analipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapandisha sokwe na watu kwenye mashine ya kutembelea, ukapima hewa wanayotumia, na mtu akaonekana kutumia nishati pungufu kwa asilimia 75.

Hapa niseme jambo la pembeni. Mitaani kuna hadithi kwamba sokwe mmoja ana nguvu za wanaume watano, au wanane, kutegemea msimuliaji. Wataalamu walipopima nyuzi za misuli yake na kupiga hesabu mwaka 2017, walipata kwamba msuli wake unauzidi wa mtu mwenye ukubwa ule ule kwa mara 1.35. Ni nyingi, sitaki kushikana naye, lakini si watano.

Na usidhani kano ndefu ni alama ya binadamu peke yake. Giboni wa Asia, ambaye maisha yake yote anabembea mitini, naye ana kano ndefu ya kisigino. Kila mnyama kano zake zinafuata safari zake. Ukishavuka Likoni ukashika njia ya Diani utawaona mbega, wale weusi wenye nywele nyeupe mabegani. Mkono wa mbega hauna dole gumba la kuhesabika. Vidole vinne vinatosha kumshikiza, na miguu ya nyuma ndiyo inayomrusha kutoka tawi hadi tawi. Chini hana raha. Ndiyo maana shirika la kuwalinda lililoanzishwa pale Diani mwaka 1997 liliwatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara, wavuke bila kukutana na matatu.

Mwili wetu huu wa kutembea ulianza lini? Shida ni kwamba kano hazigeuki mawe. Zinaoza pamoja na nyama, na mchimbaji anaachiwa mifupa. Lakini katika sehemu zetu hizi tumebahatika kupata nyayo. Mwaka 1978 huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano lililolowa, miaka milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kimeingia kwanza, na dole gumba limelala sambamba na wenzake. Kisha mwaka 2009 zikatangazwa nyayo za Ileret, mashariki ya Ziwa Turkana, za miaka milioni 1.5, na hizo zinaonyesha upinde wa wayo na namna ya kukanyaga ambayo haitofautiani sana na yako ukipita ufukweni. Ng'ambo ya ziwa hilo, Nariokotome, Mkenya Kamoya Kimeu aliokota mwaka 1984 kipande cha fuvu kilichowafikisha wachimbaji kwenye mifupa karibu yote ya kijana wa zama hizo hizo. Ana miguu mirefu, nyonga nyembamba, umbo ambalo ungeliona likishuka mteremko wa Feri usingeligeukia.

Kutokana na mifupa ya aina hiyo, Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika mwaka 2004 kwamba mbio za masafa marefu ndizo zilizotuunda. Hoja yao ni nzuri, na kano ya kisigino ni shahidi wao mkubwa, kwa kuwa faida yake ya manati inaonekana zaidi katika mbio. Mimi nawaunga mkono nusu. Mtu wa kawaida, zamani na sasa, anatembea muda mrefu kuliko anavyokimbia, na mara nyingi akiwa amebeba kitu. Hata habari za kukimbia peku, zilizovuma mwaka 2010 baada ya Lieberman kuwapima vijana wa Bonde la Ufa na kuona wanatua kwa mbele ya wayo, ziligonga ukuta mwaka 2013 walipopimwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya. Nao hukimbia peku, lakini katika mwendo wa kawaida wa masafa wengi walitua kwa kisigino. Hao wa Eldoret, ndiyo, wachunguzi wa Kijapani walipima baadhi ya wakimbiaji wetu wakubwa na kukuta kano ndefu za kisigino. Lakini mkimbiaji bingwa ni mtu wa pekee. Mama wa beseni ni wengi.

Basi tumwendee yeye, kwa sababu hapa ndipo Kenya ilipoipa dunia swali ambalo bado linajadiliwa. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka Ulaya na Marekani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima kina mama wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kipajini. Waliwatembeza kwenye mashine, wakawaongezea uzito kidogo kidogo, wakapima hewa ya oksijeni. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mama mwenyewe, hewa aliyotumia haikuongezeka. Mama wa kilo 60 akabeba kilo 12, na mwili wake haukudai chochote cha ziada. Askari waliobeba kiasi hicho kwenye mabegi ya mgongoni, kwa vipimo vilivyojulikana wakati huo, walitumia asilimia 13 zaidi.

Jibu la kwa nini lilikuja mwaka 1995, na halikuwa la nguvu. Mtu akitembea, mwili wake unapanda kidogo anapopita juu ya mguu uliosimama, kisha unashuka mbele. Anaposhuka, kimo kinageuka mwendo. Anapopanda, mwendo unageuka kimo. Katika mabadilishano hayo kila mtu anapoteza kiasi, na msuli unalazimika kujaza pengo. Hawa kina mama, wakishatwikwa, walikuwa wanapoteza kidogo zaidi kuliko wengine. Mtazame mama wa Feri mwenye ngata kichwani na beseni juu ya ngata: shingo imesimama, mabega yametulia, kiuno ndicho kinachofanya mazungumzo yote na ardhi.

Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Mwaka 2010 utafiti mwingine, uliofanywa kwa kina mama wa Afrika Kusini, haukuikuta nafuu hiyo kwa kila mtu. Walitofautiana sana, wapo waliobeba kwa wepesi na wapo waliotaabika, hata miongoni mwa waliobeba kichwani tangu utotoni. Wanaosema mwanamke wa Kiafrika ameumbwa kubeba waache. Ni ufundi, na ufundi hauwapati wote sawa. Tena kipimo cha oksijeni hakiulizi shingo. Mama anaweza kubeba kwa nishati ndogo na huku viungo vya shingo vinakwisha taratibu, na hakuna mashine ya kutembelea itakayolionyesha hilo kwa siku moja.

Viungo vina hesabu yao. Mwisho wa mfupa, mahali unapokutana na mfupa mwenzake, umefunikwa na gegedu, tabaka laini jeupe la milimita chache tu kwenye goti. Gegedu halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kila linapobanwa na kuachiwa, na kwa hivyo goti linalotembea linakula, goti lililokaa kutwa kwenye kiti linashinda na njaa. Hiyo ni habari njema kwa watu wa Feri. Habari isiyo njema ilitoka Berlin mwaka 2010, ambako watu waliowekewa magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake walitembezwa huku vipimo vikisomwa. Kwenye tambarare, goti lilibeba mara 2.6 ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi, mara 3.2. Kushuka ngazi, mara 3.5. Kushuka ndiko kunakozidi, ingawa kifua hakihemi. Msuli wa paja unarefuka huku umekaza, unazuia mwili usianguke, na kano iliyo chini ya pia ya goti inavutwa kwelikweli.

Hao walikuwa wagonjwa wanaoshuka ngazi polepole, mikono mitupu. Yule kijana wa mkokoteni anashuka na mitungi ya maji au magunia ya viazi kutoka soko la Marikiti, na uzito wote unamsukuma mgongoni. Na tukumbuke maji yetu. Siku za bamvua, kupwa na kujaa kwa maji ya Kilindini, ambayo feri inayavuka, kunapishana kwa zaidi ya mita 3. Maji yakipwa, mteremko unarefuka, na sehemu iliyokuwa chini ya maji saa chache zilizopita ina utelezi. Mguu ukiteleza, mwili unajaribu kujiokoa ghafla, na mvuto wa ghafla ndio adui wa kano. Inastahimili uzito mkubwa ukija kwa taratibu inayoujua. Ukija kwa mshtuko, nyuzi zinachanika.

Kinachonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito ni utafiti wa Wadenishi wa mwaka 2013. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yaliijaza anga kaboni ya aina ya pekee. Iliingia kwenye majani, kwenye vyakula, na kwenye miili ya wote waliokuwa hai, kisha ikawa inapungua mwaka baada ya mwaka. Watafiti walichukua kano za kisigino za watu wa rika mbalimbali, wakapima kaboni hiyo kwenye kiini cha kano. Misuli ya watu hao ilikuwa imeshajifanya upya, haina tena alama ya zamani. Kano bado zilikuwa na alama ya hewa ya utoto wao. Maana yake, kiini cha kano kinajengwa mpaka miaka 17 hivi, basi. Baada ya hapo hakibadilishwi. Kano unayokimbilia feri nayo ukiwa na miaka 50 ni ile ile uliyokwenda nayo shule.

Kwa hivyo mtoto wa darasa la saba anayetumwa kusukuma mkokoteni wikendi, kiini cha kano zake bado kinajengwa, na kitakachojengwa ndicho atakachozeeka nacho. Na mzee wa miaka 45 anayekaa ofisini juma zima, kisha Jumapili anaingia uwanja wa Tononoka kucheza mpira na vijana, anaidai kano kazi ambayo hajaiandaa. Kano hujiimarisha, lakini kwa miezi, wakati msuli hujiimarisha kwa wiki. Hapo ndipo ajali nyingi zinapotokea: msuli umeshakuwa tayari, kano bado.

Ikikatika, utajua. Mtu husikia mlio nyuma ya mguu, anageuka kutazama ni nani aliyempiga teke, na hakuna mtu. Maumivu yanaweza kuwa madogo kuliko ulivyotarajia, na hilo ndilo linalowadanganya wengi wakaenda kuchuliwa kwa mafuta ya nazi na karafuu. Nawaheshimu wachuaji wetu, wana kazi yao, lakini kano iliyokatika haichuliwi. Kuna kipimo ambacho daktari hufanya na hata wewe unaweza kukishuhudia: mgonjwa analala kifudifudi, miguu inaning'inia ukingoni mwa kitanda, tafu linaminywa. Kano ikiwa nzima, wayo unajisogeza wenyewe. Wayo usipotikisika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ncha mbili za kano huzidi kuachana kadiri siku zinavyopita.

Wanaosimamia kivuko nawaomba mambo mawili yasiyohitaji mkopo wa benki: mteremko usuguliwe utelezi kila maji yakipwa, na mikokoteni ipewe nafasi yake ya kushuka kabla au baada ya watu, isiwe katikati yao.

Na ninyi wasikilizaji, la mwisho ni la dukani. Dawa aina ya ciprofloxacin na ndugu zake, ambazo wengi wetu tunazinunua kwenye duka la dawa tukihisi homa ya matumbo au mkojo unaochoma, zina tahadhari ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru iandikwe kwa wino mzito tangu mwaka 2008: zinaweza kuifanya kano ivimbe au ikatike, hasa ile ya kisigino, na hatari inazidi kwa aliyepita miaka 60 na kwa anayetumia dawa za steroidi kama prednisolone. Usijinunulie bila kuandikiwa na daktari. Ukiandikiwa, mwambie umri wako na dawa nyingine unazotumia. Na ukiwa katikati ya dozi ukahisi kisigino kinauma, usikimbilie feri. Kaa, ngoja inayofuata, na urudi kwa daktari wako kabla ya kumeza kidonge kingine.